Baiskeli, Vilima na Maji ya Silanga

Popote ulipo, jikoni, dukani au chini ya mwembe, sogeza redio karibu. Leo tunapanda baiskeli.

Siku hizi, ukiamka mapema hapa Bofa, utaona kitu ambacho zamani hakikuwa kawaida: vijana, na hata watu wazima wenye vitambi vyao, wakiendesha baiskeli kwa ajili ya mazoezi. Si baiskeli ya kubeba mitungi ya maji wala kreti ya soda, bali kuendesha tu, ili moyo uende mbio na jasho litoke. Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Daktari aliponipima shinikizo la damu akatikisa kichwa, nilijua wakati umefika. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Ukigawanya, ni nusu saa kwa siku, siku tano. Baiskeli inatosha kabisa, na magoti hayalalamiki kama ukikimbia.

Sasa, Bofa ni tambarare. Ukitoka ufuoni ukafuata barabara hadi mjini Kilifi hutakutana na kilima cha kukutoa pumzi. Kwa hivyo anayetaka mazoezi ya kweli hana budi kutoka nje ya mji, na njia ziko tatu.

Ya kwanza ni kusini. Unavuka daraja la Kilifi, lile lililofunguliwa mwaka 1991. Wenye umri wangu wanakumbuka foleni za feri kabla ya hapo. Ukifika Mavueni unakata kulia na kuanza kupanda kuelekea Kaloleni. Hapo ndipo utakapojua gia zako zinafanya kazi au la. Minazi inakufuata huku na huku, na ukigeuka nyuma unaiona bahari iko chini. Njia ya pili ni kaskazini: Tezo, Roka, Matsangoni hadi Gede. Hiyo haina vilima vya maana, lakini upande wa kushoto una msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Ndani yake kuna vijia vya mchanga ambavyo watu huendesha baiskeli. Pitia kwanza kituo cha msitu pale Gede, ulipe na uulize njia, na ikiwezekana uandamane na mtu anayeufahamu msitu. Humo mna ndovu, na ndovu hajali kengele ya baiskeli.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo sababu ya mazungumzo ya leo, ni ya magharibi kuelekea Ganze. Kijani cha pwani kinabaki nyuma, mibuyu inazidi, na barabara inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Mvua huko ni chache. Ndiyo maana utakuta mabwawa ya kuchimbwa, yale ambayo wengi wetu huyaita silanga. Maji ya mvua hukusanyika humo, na ng'ombe, mbuzi, akina mama wenye ndoo na watoto wanaoogelea, wote hukutana hapo.

Hebu fikiria: umeendesha saa mbili, jua la saa tano linakuchoma mgongo, chupa ya maji imekwisha. Mbele yako ni bwawa linalong'aa. Utafanya nini? Nitakuambia mimi nilifanya nini. Nilivua viatu, nikaingia hadi mapajani, nikanawa uso, nikakaa humo karibu robo saa nikicheka na wenzangu.

Miezi mitatu hivi baadaye nilianza kuona damu kwenye mkojo. Haikuwa nyingi. Ni mwishoni tu, matone ya mwisho yanatoka mekundu. Nikajiambia, ni kiti cha baiskeli hiki. Na hapa, mpenzi msikilizaji, ndipo nilipojidanganya, kwa sababu ni kweli kwamba kuendesha mwendo mrefu kunaweza kumfanya mtu akojoe damu kidogo. Lakini damu hiyo hukoma baada ya kupumzika siku mbili tatu. Yangu haikukoma. Niliweka sifongo kwenye kiti, nikashusha kiti, nikainua kiti. Nilinunua vidonge kwenye duka moja la dawa, nikaambiwa ni mkojo mchafu. Wiki sita zikapita kabla sijapeleka mkojo maabara, na mimi ni mtu ninayesimama hapa kila wiki nikiwahimiza nyinyi mwende mkapimwe.

Ulikuwa ni kichocho.

Kichocho huletwa na minyoo midogo sana. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa majini au karibu na maji, mayai ya minyoo huingia humo na kuanguliwa. Vijidudu vinavyotoka humtafuta konokono wa maji yasiyo na chumvi, yule mdogo anayeshika majani ya kando ya bwawa. Ndani ya konokono huongezeka maradufu, kisha hutoka kwa maelfu na kuogelea wakitafuta ngozi ya binadamu. Hawahitaji kidonda, na huna haja ya kuyanywa maji. Hupenya ngozi nzima kwa dakika chache tu. Hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri hivi, wakati uleule ambao mwendesha baiskeli anatamani maji. Wengine huwashwa na ngozi siku ileile, wengine hupata homa baada ya wiki kadhaa wakadhani ni malaria. Wengi hawasikii chochote hadi damu ionekane.

Zamani baadhi ya wazee walisema mvulana akikojoa damu anapevuka. La hasha! Minyoo hiyo hukaa katika mishipa ya damu karibu na kibofu, na mayai yake hukikwaruza kibofu miaka nenda miaka rudi. Ukiacha bila kutibiwa, unaweza kuharibu figo, na hata kupata saratani ya kibofu. Kwa wanawake mayai huweza kukaa katika njia ya uzazi, yakaleta maumivu, uchafu na damu, na mara nyingi mama wa watu hushukiwa kuwa na ugonjwa wa zinaa, nyumba ikaingia matata bure.

Usidhani ni ugonjwa wa mtu asiyejiweza tu. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1985, aliyefundishwa kuendesha na Mkenya mwenzetu David Kinjah, aligunduliwa kuwa na kichocho mwaka 2010. Alikuwa tayari ni mwendesha baiskeli wa kulipwa huko Ulaya, na nguvu zake zilikuwa zikipanda na kushuka. Alitibiwa, tena zaidi ya mara moja. Kisha akashinda mashindano ya Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017.

Dawa ipo. Inaitwa prazikwanteli, na mhudumu wa afya hukadiria vidonge kwa uzito wako, au kwa urefu ikiwa ni mtoto. Umeze baada ya kula, maana tumbo tupu litakusumbua. Dawa hii huua minyoo iliyokomaa, lakini ile michanga huweza kuponyoka. Kwa hivyo ukikimbilia dawa kesho yake baada ya kuingia bwawani, haitakufaa sana. Mweleze mhudumu ni lini uligusa maji, naye atakupangia siku, kwa kawaida baada ya wiki sita au zaidi. Ukienda kupima, peleka mkojo kati ya saa nne na saa nane mchana, na tembea kwa haraka kidogo kabla ya kukojoa. Wakati huo mayai hutoka kwa wingi zaidi. Pia dawa si kinga: ukirudi bwawani, minyoo nayo itarudi.

Tufanyeje basi na joto? Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, urudi kabla jua halijawa kali. Beba maji ya kutosha, lita moja kwa kila saa si mengi kwenye joto letu. Kizunguzungu kikikushika, au ukiacha kutoka jasho huku mwili unawaka, shuka, kaa kivulini, jimwagie maji, na watu wakupeleke hospitali. Kofia ngumu ivae hata kama wenzako wanacheka.

Wiki iliyopita msikilizaji mmoja wa Ganze, anayechota maji silangani na kuyapeleka vijijini kwa baiskeli, aliuliza: je, na mimi ninayeingia humo kila siku kwa ajili ya mkate wangu? Ndugu yangu, wewe uko hatarini zaidi kuliko sisi wa mazoezi. Vaa gamubuti, chota asubuhi mapema mbali na majani, na nenda upimwe mkojo mara moja kwa mwaka hata kama huoni damu. Waambie wateja wako kwamba maji ya kuoga yakikaa mtungini siku mbili bila konokono, vijidudu hivyo hufa. Ya kunywa yachemshwe.

Na wewe wa Bofa unayerudi kutoka vilimani umejaa vumbi, una bahari. Kichocho hakiishi kwenye maji ya chumvi. Oga humo upendavyo.