KUFUNDISHA JICHO NA MKONO: Mafunzo ya Sanaa ya Chuo Kikuu na Mwalimu wa Shule ya Msingi

Katika shule nyingi za msingi somo la uchoraji hupita kwa namna moja. Mwalimu huchora nyumba ya msonge ubaoni, na mti kandoni mwake, kisha huwaambia watoto wachore vivyo hivyo. Mwisho wa kipindi madaftari hukusanywa, na mtoto ambaye mchoro wake umefanana zaidi na ule wa mwalimu hupata alama nyingi. Mtihani unapokaribia, hata kipindi hicho hutolewa kwa ajili ya Hisabati. Wanachuo nao, wapatapo nafasi ya kuchagua masomo katika mazoezi ya kufundisha, aghalabu hulikwepa somo hili kwa udhuru mmoja: "Mimi sijui kuchora."

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba udhuru huo hauna nguvu. Tutatazama jinsi vyuo vikuu vinavyowafundisha watu sanaa na usanifu, kisha tutajiuliza ni lipi katika mbinu hizo liwezalo kutufaa. Tutaona pia jambo ambalo huenda likawashangaza wengi wetu, yaani, sehemu kubwa ya mbinu hizo ilitungwa na watu waliokuwa walimu wa shule ya msingi.

1. Mwaka wa kwanza katika studio

Mtu akiingia chuo kikuu kusomea uchoraji, uchongaji, ufinyanzi au usanifu wa vitambaa, kwa kawaida hapewi siku ya kwanza kazi ya kutengeneza picha ya kutundikwa ukutani. Vyuo vingi humpitisha kwanza katika mafunzo ya msingi: mstari, umbo, rangi, mwanga na kivuli, na tabia za vitu vitumikavyo, kama karatasi, udongo, mbao na nyuzi. Baada ya hapo ndipo huchagua tawi lake.

Utaratibu huu ulipata nguvu katika Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu iliyoanzishwa na Walter Gropius mjini Weimar, Ujerumani, mwaka 1919. Kila mwanafunzi aliyeingia alipaswa kupita mafunzo ya awali ya nusu mwaka kabla ya kupokewa katika karakana za mbao, chuma, ufinyanzi au ufumaji. Aliyeyaanzisha mafunzo hayo ni Johannes Itten, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1888, ambaye kabla ya kuwa mchoraji alisomea ualimu na kufundisha watoto wadogo. Alikuwa amejifunza mawazo ya Friedrich Froebel, mwasisi wa shule za chekechea, aliyeshikilia kwamba mtoto hujifunza kwa kushika na kutenda. Itten aliyachukua mawazo hayo na kuyapeleka kwa watu wazima.

Alipoondoka mwaka 1923, mmoja wa waliokuja kufundisha mafunzo hayo alikuwa Josef Albers, naye pia mzaliwa wa mwaka 1888, naye pia aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka kadhaa. Bauhaus ilipofungwa mwaka 1933 chini ya utawala wa Manazi, Albers alihamia Marekani, akafundisha katika Black Mountain College na baadaye Chuo Kikuu cha Yale. Kwa njia hiyo mbinu zilizoanzia darasani kwa watoto zikaenea katika vyuo vikuu vya nchi nyingi.

2. Mbinu zenyewe

Itten alipenda kufundisha kwa vitu vinavyopingana: kikubwa na kidogo, laini na chenye kukwaruza, cheusi na cheupe, kigumu na chororo. Wanafunzi walikusanya vipande vya mbao, nyuzi, manyoya na mabati, wakavipapasa, ndipo wakavichora. Hoja yake ilikuwa wazi: mkono usiopata kuhisi tofauti hauwezi kuichora.

Kuhusu Albers, mwanafunzi wake mmoja alisimulia baadaye kwamba siku ya kwanza aliingia na fungu la magazeti, akagawa, akawataka watengeneze kitu kinacholingana na tabia ya karatasi, ikiwezekana bila mkasi wala gundi, kisha akatoka. Aliporudi alikuta ngome, ndege, wanyama na vinyago. Akasema kuwa vingi kati ya hivyo vingefaa zaidi kufanywa kwa vitu vingine. Kisha akaonyesha kazi moja nyepesi mno: karatasi iliyokunjwa kwa urefu tu, ikasimama. Kazi hiyo ndiyo aliyoisifu, kwa kuwa aliyeitengeneza alikuwa amegundua kwamba karatasi, iliyo legevu inapolala, hupata nguvu inapokunjwa.

Tuangalie kwa makini mafunzo ya kisa hiki. Mwalimu hakuchora chochote ubaoni. Alitoa kitu, akatoa sharti, akaacha watu wafikiri, kisha akarudi kuzungumza nao juu ya walichokitenda. Mwalimu asiyejua kuchora angeweza kuliendesha somo hilo.

3. Mfano wa Makerere

Katika Afrika ya Mashariki mafunzo ya sanaa ya chuo yalianza Makerere, Uganda, mwaka 1937, pale Margaret Trowell alipokusanya wanafunzi wachache kwenye baraza ya nyumba yake. Trowell hakuwapa picha za Kizungu wazinakili. Aliwasimulia hadithi au tukio, wakalitazama akilini mwao, wakalichora kwa namna yao. Miongoni mwa waliopitia mikono yake ni Gregory Maloba wa Kenya, aliyechonga Sanamu ya Uhuru iliyoko Kampala mwaka 1962, na Sam Ntiro wa Tanganyika, aliyechora maisha ya watu wa Kilimanjaro, mashamba yao ya migomba na kazi zao za pamoja. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alisoma huko pia. Mwaka 1965 alianzisha mjini Nairobi nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa, akawa anafundisha kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi.

Trowell alipostaafu mwaka 1958, nafasi yake ilishikwa na Cecil Todd, ambaye alitilia mkazo zaidi ufundi, nadharia ya rangi na historia ya sanaa ya dunia. Mabadiliko hayo yalizua swali ambalo hata leo halijaisha: je, mwanafunzi aachwe na mawazo yake, au afundishwe kanuni? Kwa maoni yetu haya ni kama nyama na mfupa. Mawazo bila ufundi hukwama njiani, na ufundi bila mawazo hurudia mambo ya wengine. Lakini kwa mtoto wa darasa la pili tungeanza na mawazo, kwani ufundi huja upesi kwa mtoto ambaye ana jambo la kusema.

4. Kuyaleta haya darasani

Tunapendekeza masomo manne ambayo hayahitaji fedha.

(a) Vitu vinavyopingana. Watoto watoke nje walete vitu viwili vinavyotofautiana kwa kuguswa: gamba la mti na jani la mgomba, kokoto na unyoya. Wavipapase wakiwa wamefumba macho, waseme tofauti, kisha wachore mistari inayoonyesha ukwaruzo na ulaini.

(b) Karatasi. Kila mtoto apewe ukurasa wa gazeti kuukuu. Sharti: usimame wenyewe na kubeba jiwe dogo. Mkasi na gundi visitumike.

(c) Rangi. Manjano ya jikoni, makaa yaliyosagwa, udongo mwekundu na chokaa hutoa rangi nne. Kipande kimoja cha kitambaa chekundu kiwekwe juu ya kitambaa cheusi, kisha juu ya cheupe. Watoto wataona kwamba wekundu ule ule huonekana kubadilika. Albers aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1963.

(d) Usanifu. Mwalimu alete khanga. Watoto watambue pindo, mji na jina, waeleze kila sehemu ina kazi gani, kisha wabuni khanga yao. Hapo watafahamu kwamba usanifu uko mwilini mwa mama zao kila siku.

5. Mazungumzo na usahihishaji

Katika studio za vyuo vikuu kazi zote hutundikwa pamoja, na kila mmoja husema anachokiona. Nasi tuzipange kazi za watoto sakafuni au kwenye kamba, tuulize: Jicho lako linaangukia wapi kwanza? Kwa nini? Ungebadili nini katika kazi yako mwenyewe? Maswali haya humzoeza mtoto kutoa sababu, jambo ambalo litamfaa katika Sayansi na Lugha pia.

Inasimuliwa kwamba Itten, alipokuwa akifundisha watoto, aliepuka kusahihisha kazi ya mtoto mmoja mmoja kwa kalamu, akihofia kuvunja hamu yake. Alichukua makosa yaliyo ya wengi akayaeleza mbele ya darasa zima. Mwenye darasa la watoto wengi atauona haraka uzuri wa njia hii. Alama nyekundu juu ya mchoro wa mtoto wa miaka saba yaweza kumnyamazisha kwa miaka mingi, na pengine ndiyo iliyowafanya wanachuo wengi waseme leo kwamba hawajui kuchora.

Lakini tusije tukakosea kwa kudhani kwamba mtoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umbo dogo. Nadharia ndefu zitamchosha, na zoezi moja kwa kipindi linatosha. Pia uhuru hauna maana ya kuacha darasa bila maandalizi, kwani zoezi la Albers lilikuwa na sharti lililopimwa vyema.

Kazi kwa wanachuo:
1. Andaa somo moja kati ya (a) hadi (d), ukitaja lengo, zana na maswali utakayouliza.
2. Lifanye zoezi hilo wewe mwenyewe kabla ya kulipeleka darasani, uandike ulipokwama.
3. Jadilianeni: ni mambo gani ya ufundi ambayo mtoto wa darasa la sita hana budi kuonyeshwa, na yapi yaachwe ayagundue mwenyewe?