Kipimo cha Figo: Karatasi Ikae Mkononi mwa Mfanyakazi



Jino likiuma, mtu hakeshi peke yake. Nyumba nzima hukesha naye. Figo sivyo. Figo zaweza kupoteza nusu ya nguvu zake na mwenyewe akaendelea kuamka alfajiri, akachukua panga lake akaenda shambani. Siku anapovimba miguu, kutapika na kukosa pumzi, mara nyingi wakati wa kuziokoa umekwisha kupita. Kwa hiyo safari hii tunazungumzia kipimo kidogo cha damu kinachoweza kutuonya mapema, nacho ni kipimo cha kreatinini.

YALIYOWAPATA WENZETU

Tuanzie mbali, Amerika ya Kati, kwa wakata miwa wenzetu. Mwaka 2002 madaktari wa El Salvador waliandika habari za wagonjwa waliofika hospitali kuu ya mji wa San Salvador figo zao zikiwa zimekwisha kufa. Wengi hawakuwa na kisukari wala shinikizo la damu, magonjwa ambayo kwa kawaida ndiyo huharibu figo. Walikuwa hasa wanaume, watu wa kazi za shamba katika nyanda za pwani. Nchini Nicaragua, karibu na mji wa Chichigalpa, kijiji kiitwacho La Isla, maana yake Kisiwa, kilipoteza wanaume wengi hata watu wakakiita Kisiwa cha Wajane.

Wenzetu hao hawakukaa kimya. Mwaka 2008 wagonjwa na wajane walijiunga pamoja, wakapeleka malalamiko kwenye ofisi ya usuluhishi ya Benki ya Dunia, kwa kuwa kampuni ya sukari ilikuwa imekopeshwa fedha na tawi la benki hiyo. Ndipo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston, Marekani, walipoitwa kuchunguza. Walipima damu ya wafanyakazi kabla ya mavuno na tena mavuno yalipokuwa yakimalizika. Figo za wakata miwa na wamwagiliaji zilikuwa zimeshuka nguvu kuliko za wenzao wasiofanya kazi shambani. Msimu mmoja tu ulitosha kuonyesha tofauti.

KIPIMO KINASEMA NINI?

Misuli ya mwili hutoa taka iitwayo kreatinini kila siku. Figo nzima huichuja na kuitoa katika mkojo. Vichujio vikiharibika, taka hiyo hubaki katika damu. Kwa hiyo kreatinini ikipanda, figo zimeshuka.

Kwa mwanamume, maabara nyingi huona kiasi cha baina ya 60 na 110 kuwa cha kawaida, kwa kipimo cha mikromoli katika lita moja ya damu. Kutokana na namba hiyo, pamoja na umri na jinsia, daktari hukadiria uwezo wa figo kuchuja. Uwezo wa 90 na zaidi ni mzuri. Ukiwa chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi, huo ni ugonjwa wa figo wa kudumu. Ukishuka chini ya 15, mgonjwa yu karibu kuhitaji mashine ya kusafisha damu au figo ya kupandikizwa.

Hapa ndugu msomaji uwe macho. Tuseme mwaka jana namba yako ilikuwa 70, na mwaka huu ni 105. Zote mbili ni za kawaida, na huenda ukaambiwa uende zako, u mzima. Lakini figo zako zaweza kuwa zimepoteza kama theluthi moja ya nguvu zake! Namba moja pekee haisemi mengi. Namba zinazofuatana ndizo husema kweli.

Tena mtu mwenye misuli mikubwa huwa na kreatinini nyingi kuliko mwembamba. Nyama nyingi au kiu ya kutwa juani nayo huipandisha kwa muda. Basi ni vema kupimwa asubuhi kabla ya kazi, na namba ikitisha kipimo kirudiwe. Mkojo nao upimwe, maana protini ndani yake ni dalili nyingine.

Kuna jambo jingine. Kanuni ya hesabu iliyotolewa Marekani mwaka 2009 ilimwongezea mtu mweusi uwezo wa figo kwa kama asilimia 16, kwa sababu ya rangi yake tu. Mgonjwa aliweza kuonekana mzima kuliko alivyo. Mwaka 2021 wataalamu wa huko walitoa kanuni mpya isiyo na nyongeza hiyo. Tuulize maabara yetu inatumia ipi.

KARATASI NI YA NANI?

Huko Amerika ya Kati kipimo hiki kilikuwa pia mlango wa kumfukuzia mtu. Aliyeonekana na kreatinini ya juu kabla ya msimu alikataliwa kazi. Mwenye watoto wa kulisha akatafuta kibarua kwa wakandarasi wasiopima, au akaazima kitambulisho cha mwenzake, akarudi kwenye jua lile lile.

Lakini damu hiyo hiyo imetoa ushahidi kwa faida ya wafanyakazi. Katika kiwanda kimoja cha Nicaragua, mavuno ya 2017 hadi 2018, wakata miwa 27 katika kila 100 walipata madhara ya figo. Msimu uliofuata, mapumziko ya kivulini na maji vilipoongezwa, waliodhurika walikuwa 7 katika kila 100.

Kwa hiyo tunaposhauriana na waajiri, tudai haya: tupimwe kabla ya msimu, katikati na mwishoni, kila mmoja apewe karatasi yake ya majibu na aihifadhi, atakayeonekana figo zinashuka apewe kazi nyepesi ya kivulini bila kupunguziwa mshahara, na maji, kivuli na mapumziko viwe sehemu ya mkataba. Nasi wenyewe tuache kumeza ovyo dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni baada ya kutwa ya jua, kwani huziumiza figo zilizokauka.

Ndugu, ukipimwa usiondoke na neno "mzima" peke yake. Omba namba, iandike na tarehe, uiweke pamoja na hati zako za kazi. Mwakani utailinganisha na nyingine.