Theluji ikija, muulizeni Juve

Watabiri wa hali ya hewa wakishatangaza dhoruba ya theluji, klabu za Ulaya huanza kuhangaika mapema. Mabomba ya maji moto chini ya nyasi huwashwa, na mpira wa rangi ya chungwa huwekwa tayari ili uonekane kwenye weupe. Lakini upepo ukiungana na theluji, hapo hakuna ujanja.

Waulizeni Juventus. Desemba 10, 2013 jijini Istanbul, walihitaji sare tu kwa Galatasaray watinge 16 bora ya Ligi ya Mabingwa. Theluji ikamwagika, mechi ikasimama kipindi cha kwanza, ngoma 0-0. Kesho yake ikaendelea, uwanja umeharibika. Dakika ya 85 Wesley Sneijder akatupia. Kibibi Kizee cha Turin kikashushwa Europa League.