Msimbo wa Posta: Sanduku si Nyumba

Mkazi wa mtaa wa Umoja anapojaza fomu ya maombi ya kazi, aghalabu husita afikapo penye msimbo wa posta. Je, aandike tarakimu za mtaa anakoishi au za mahali lilipo sanduku lake? Makala haya yanakusudia kufafanua dhana hiyo na matumizi yake katika mitaa ya Eastlands, Nairobi.

Msimbo wa posta ni tarakimu zinazorahisisha upangaji na usafirishaji wa barua. Nchini Kenya tarakimu hizo ni tano, nazo hutambulisha ofisi ya posta. Mathalani, 00100 ni Posta Kuu ya Nairobi, 00515 ni Buruburu, 00518 ni Kayole, ilhali 80100 ni Mombasa. Sanduku la posta, yaani S.L.P., lina nambari yake mbali. Nambari moja ya sanduku yaweza kupatikana katika posta mbili. Msimbo ndio unaozitenganisha. Kwa hiyo, mkazi wa Umoja aliyekodi sanduku Posta Kuu huandika 00100. Msimbo hufuata sanduku, haufuati kitanda. Sifuri za mwanzo nazo zisidondoshwe: katika hesabu hazina thamani, lakini hapa ni sehemu ya utambulisho wa ofisi.

Nchini Tanzania, dhana hii huitwa postikodi, na tarakimu zake tano hutambulisha eneo hadi kiwango cha kata. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilikusudia kuzipa barabara majina na nyumba nambari. Basi istilahi hizi mbili, ingawa huchukuliwa kuwa visawe, hazirejelei kitu kimoja.

Tofauti hii si ya kinadharia tu. Eastlands, mgeni huelekezwa nyumbani kwa kutajiwa kituo cha matatu, duka au rangi ya lango. Barua haina macho hayo. Wasio na sanduku hutumia la shule, la kanisa au la mwajiri wa jamaa. Msimbo ukikosewa, au jina la mwenye sanduku likiachwa, mwito wa usaili waweza kumfikia kijana siku ya usaili imekwisha kupita.

Tunapofundisha barua rasmi, tumezoea kusahihisha mahali anwani inapokaa ukurasani. Yafaa pia tumwulize mwanafunzi: tarakimu hizi zinaipeleka barua yako wapi?