CHETI CHA UKAGUZI NA UZIMA WA GARI LILILOKWISHA KUTUMIKA

Fedha ambayo chama cha msingi hununulia gari hutokana na makato ya mazao ya wanachama, yaliyokusanywa shilingi kwa shilingi katika misimu kadhaa. Kwa kuwa gari jipya ni ghali, vyama vingi huamua kununua pikapu au lori lililokwisha kutumika. Aghalabu gari hilo hutoka Japani au Uingereza, kwa sababu huko nako, kama ilivyo Tanzania, Kenya na Uganda, magari huendeshwa upande wa kushoto wa barabara. Muuzaji anapofika mbele ya halmashauri hutanguliza karatasi moja: cheti kinachoonyesha kwamba gari limekaguliwa na kufaulu. Mara nyingi karatasi hiyo hufunga mjadala. Yafaa basi makatibu na wanachama waelewe cheti hicho huthibitisha nini na hunyamazia nini.

Maana ya cheti

Nchini Uingereza ukaguzi wa lazima ulianza mwaka 1960, kwa magari yaliyotimiza miaka 10 au zaidi. Wakati huo vitu vilivyopimwa vilikuwa breki, taa na usukani. Ilipofika mwaka 1967 umri huo ulishushwa hadi miaka 3, na mwaka uliofuata tairi nazo zikaongezwa katika orodha. Tangu hapo orodha imeendelea kurefuka, na gari hupimwa kila mwaka. Japani nako gari dogo la abiria hupimwa kwa mara ya kwanza likitimiza miaka 3, na baadaye kila baada ya miaka 2.

Ukaguzi wa namna hii una shabaha moja, nayo ni usalama wa watu barabarani pamoja na usafi wa moshi. Haukuwekwa kwa ajili ya kumlinda mnunuzi. Katika ukaguzi wa Uingereza hali ya injini, klachi na giaboksi haipimwi, wala mkaguzi haruhusiwi kufungua sehemu za gari ili atazame ndani. Gari laweza kufaulu leo huku klachi yake imebakiza siku chache tu za kazi, na mkaguzi asiwe amekosa lolote.

Jambo la pili ni kwamba cheti hushuhudia siku moja. Tairi iliyofaulu kwa unene mdogo unaoruhusiwa yaweza kuwa kipara baada ya safari chache. Gari lililokaa bandarini na uani kwa muuzaji kwa miezi mingi laweza kuingia kutu katika diski za breki, na mipira yake ikakauka na kupasuka.

Jambo la tatu ni jicho la mkaguzi. Breki hupimwa kwa mashine inayotoa tarakimu, lakini kutu na ulegevu wa viungo huhukumiwa kwa macho na mikono. Wakaguzi wawili waaminifu waweza kutazama kasoro ileile, mmoja akaipitisha na mwenziwe akaikataa. Ndiyo sababu idara inayosimamia ukaguzi nchini Uingereza huyapima upya baadhi ya magari yaliyokwisha kupimwa, ili kuona kama hukumu zinalingana.

Kasoro zinazojitokeza zaidi

Nchini Uingereza zaidi ya robo ya magari hushindwa katika kipimo cha kwanza, na kasoro zinazoyaangusha ni zilezile mwaka hadi mwaka. Nyingi kati ya hizo zaweza kutambuliwa na halmashauri yenyewe, ikisaidiwa na fundi.

Taa ndizo huongoza. Ziwashwe zote, moja baada ya nyingine, pamoja na za breki na za ishara. Taa moja kuungua si jambo kubwa, bali kuzimika kwa taa kadhaa pamoja huonyesha nyaya zilizoharibika.

Springi, shokapu na viungo vya magurudumu hufuata. Kona moja ya gari dogo ikandamizwe kwa nguvu kisha iachwe. Ikiendelea kupanda na kushuka badala ya kutulia, shokapu imekufa. Gurudumu la mbele liinuliwe kwa jeki, gari likiwa limeegemezwa imara, kisha litikiswe likishikwa juu na chini. Likicheza, kosa li katika beringi au viungo vyake. Likicheza linaposhikwa kulia na kushoto, viungo vya usukani vimelegea.

Breki zipimwe kwa uangalifu. Injini ikiwa inanguruma, pedali ikanyagwe na kushikiliwa kwa nusu dakika. Ikizama polepole, mafuta ya breki yanavuja au masta silinda imechoka. Breki ya mkono ijaribiwe mlimani.

Tairi zitazamwe unene, nyufa na umri. Ubavuni huwa na tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi yaweza kuonekana nene ilhali mpira wake umezeeka.

Kutu ichunguzwe uvunguni, hasa kwa magari ya Uingereza na ya sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Chumvi hiyo hula chasisi na mabomba ya breki. Rangi mpya nyeusi iliyopakwa uvunguni isichukuliwe kuwa dalili ya uzima. Huenda imefunika ugonjwa.

Injini, ambayo cheti hunyamazia, iwashwe ikiwa baridi. Moshi wa buluu huonyesha kwamba injini inakula oili. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, aghalabu ni alama ya gasketi iliyoungua. Oili iliyogeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa imeingiliwa na maji.

Historia yashinda cheti kimoja

Cheti cha mwisho peke yake hakitoshi. Vyeti vya miaka iliyopita husema zaidi. Gari la Uingereza laweza kutafutwa kwa namba yake ya usajili katika kumbukumbu za serikali kwa njia ya intaneti, bila malipo. Humo huonekana mara lilipoanguka na kwa sababu gani, maonyo ya mkaguzi, na umbali uliosomwa katika mita kila mwaka. Hati za Japani nazo huandika umbali uliosomwa wakati wa ukaguzi. Ikiwa mwaka mmoja mita ilisoma 140,000 na mwaka uliofuata ikasoma 92,000, mita imerudishwa nyuma, na muuzaji anapaswa kuulizwa. Ikumbukwe pia kwamba mita za magari ya Uingereza huhesabu maili. Gari la maili 90,000 limetembea takriban kilomita 145,000. Mwisho, namba ya chasisi iliyogongwa katika chuma ilinganishwe na ile iliyo katika hati, tarakimu kwa tarakimu.

Wajibu wa halmashauri

Kabla ya malipo yoyote, inafaa halmashauri iteue fundi asiye na uhusiano na muuzaji wala na kiongozi yeyote wa chama, na imlipe ujira wake. Ujira huo ni mdogo mno ukilinganishwa na bei ya injini. Fundi atoe taarifa kwa maandishi, isomwe kikaoni na kuingizwa katika kumbukumbu za mkutano. Kasoro zilizoonekana zikadiriwe gharama, kisha halmashauri iamue ama kupunguziwa bei, ama kuacha. Kuacha gari bovu si hasara. Chama hubaki na fedha yake.

Gari likiisha kununuliwa, dereva apewe daftari. Kila asubuhi akague maji, oili, mafuta ya breki, tairi na taa, aandike na kutia sahihi. Katibu alipitie daftari hilo kila juma. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mpira wa breki unaovuja leo waweza kubadilishwa kwa fedha kidogo, lakini gari likishindwa kusimama mteremkoni likiwa na magunia ya kahawa na wapakizi juu yake, hakuna mkutano mkuu utakaoweza kurudisha kilichopotea.

Cheti cha ukaguzi kina thamani yake na hakina budi kudaiwa. Lakini mkaguzi hujibu swali moja tu, kama gari lilistahili kuwa barabarani siku ile. Kama litastahimili msimu wa mavuno, kwa mzigo wa chama na katika barabara za vijijini, ni swali la halmashauri, na jibu lake litafutwe kabla ya sahihi kutiwa katika hundi.