Makufuli Mawili, Mkwamo Mmoja

Juzi jioni nilishika kamusi nikingoja kalamu ya mwenzangu. Naye kashika kalamu, angoja kamusi. Tukakodoleana macho hadi kengele! Kompyuta nayo huganda hivyo. Katika kiini cha Linux kazi nyingi huenda pamoja, na data hulindwa kwa makufuli. Kazi moja ikifunga A kisha B, nyingine B kisha A, zaweza kungojeana milele. Tangu 2006 kuna mkaguzi aitwaye Lockdep, aliyeundwa na Ingo Molnár. Wakati wa majaribio hunakili utaratibu wa kufunga. Ukipinduliwa hata mara moja, huonya, ingawa hakuna kilichoganda bado. Nasi tumeshapatana: kamusi kwanza, kalamu baadaye. Kinga ni bora kuliko tiba!