Wizi wa Maandishi Huanzia kwenye Swali

Kalemng'orok ni kituo kidogo huko Turkana, kando ya barabara kuu ya Kitale kwenda Lodwar, baina ya Kainuk na Lokichar. Chukulia darasa la sekondari mahali kama hapo. Vitabu vya maktaba ni vichache, simu yenye intaneti inazunguka mkono kwa mkono, na mwalimu ameandika ubaoni: "Andika insha ya utafiti kuhusu ukame." Siku ya kukusanya madaftari, insha zote zinafanana, na baadhi zina sentensi zilezile hadi kwenye koma. Kabla ya kutafuta wa kuadhibiwa, inafaa tuchunguze zilianza kufanana wapi.

Tuanze na istilahi. Insha ya utafiti ni insha inayojibu swali kwa ushahidi ambao mwandishi ameukusanya na kuupima mwenyewe. Wizi wa maandishi ni kutumia maneno, mawazo au matokeo ya mtu mwingine kana kwamba ni yako. Kosa hili si sawa na kuvunja hakimiliki, ambalo ni jambo la kisheria na nchini Kenya linaongozwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Unaweza kuchukua wazo kutoka kitabu cha miaka mia mbili iliyopita, sheria isikuguse, na bado ukawa umemdanganya msomaji wako. Kinachovunjwa ni uaminifu kuhusu chanzo.

Sasa turudi kwenye swali. "Ukame" ni mada, na majibu yake yamejaa kila mahali, tayari yamepangwa kwa aya na vichwa vidogo. Mwanafunzi wa kidato cha tatu hawezi kuufanyia utafiti ukame wote wa dunia, hivyo anafanya kile ambacho kazi yenyewe inamruhusu: ananakili. Linganisha na swali hili: "Katika kijiji chetu, nani ananufaika na mti wa mathenge na nani anapata hasara?" Hakuna tovuti yenye jibu hilo. Analazimika kumuuliza mchoma makaa, mama mwenye mbuzi na mkulima wa bonde la Turkwel, na huenda kila mmoja akamjibu kivyake.

Hata hivyo swali finyu halitoshi. Mwanafunzi bado anahitaji usuli: mathenge ni mti wa asili ya Amerika, ulipandwa katika maeneo makavu ya Kenya miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni, kisha ukaenea kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali kwa sababu yake, wakapeleka mahakamani Nairobi mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake. Haya yote mwanafunzi atayasoma kwa wengine, na hapo ndipo kunakili kunaporudi kwa mlango wa nyuma.

Mlango huo ni daftari. Mwanafunzi anasoma, anaandika sentensi nzima ya kitabu bila alama za kunukuu, anafunga. Baada ya wiki mbili anafungua na hawezi tena kutambua maneno ya kitabu na yake. Anakuwa mwizi bila kukusudia. Kinga yake ni rahisi na inafundishika kwa kipindi kimoja: kila ukurasa ugawanywe kwa mstari. Kushoto yakae maneno ya mwandishi, ndani ya alama za kunukuu, pamoja na jina lake, mwaka na ukurasa. Kulia yakae mawazo, maswali na mashaka ya mwanafunzi.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni kueleza upya. Tuseme kitabu kimeandika: "Mathenge ulipandwa ili kuzuia jangwa, lakini miiba yake imepunguza malisho kando ya mito." Mwanafunzi anaandika: "Mathenge ulioteshwa ili kukinga jangwa, ila miiba yake imepunguza nyasi kandokando ya mito." Amebadilisha maneno matano, mifupa ya sentensi ni ileile. Rebecca Moore Howard, mwalimu wa uandishi wa Marekani, aliieleza tabia hii miaka ya 1990, na alisisitiza kwamba mara nyingi ni dalili ya mtu ambaye bado hajaelewa alichosoma. Tunaweza kuyaita maandishi ya viraka. Hayaponi kwa kamusi ya visawe. Yanapona kwa kufunga kitabu, kumweleza mwenzako kwa mdomo ulichosoma, na kuandika baada ya hapo. Huenda matokeo yakawa: "Kwa maoni ya mwandishi huyu, mti ulioletwa kuwasaidia watu wa nchi kavu umewanyima wafugaji mahali penye nyasi. Lakini wachoma makaa niliozungumza nao wanauona kuwa riziki." Chanzo kimetajwa, na mwanafunzi amesema jambo ambalo kitabu hakikulisema.

Wengi hudhani kutaja chanzo ni heshima tu kwa mwandishi wa kwanza. Kuna faida ya pili, na Turkana ina mfano wake. Septemba 2013 serikali ya Kenya na UNESCO zilitangaza kugunduliwa kwa hazina kubwa ya maji chini ya ardhi, huko Lotikipi na karibu na Lodwar. Habari ilizunguka dunia. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi mno kwa kunywa. Sasa, mwanafunzi aliyeandika "kwa mujibu wa tangazo la mwaka 2013" amesema kweli hata leo. Aliyeandika tu kwamba Turkana ina maji ya kutosha chini ya ardhi amelibeba kosa la watu wengine na kulifanya lake.

Je, chanzo kisicho kitabu? Hapa shule zetu ni dhaifu sana. John Lamphear alijenga kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu Waturkana na utawala wa kikoloni kwa sehemu kubwa juu ya masimulizi ya wazee, lakini mwanafunzi wa Kiturkana akihadithiwa na babu yake ukame wa karibu mwaka 1980, ule unaoitwa Lopiar, huandika kana kwamba habari haina mwenyewe. Ina mwenyewe. Aandike jina la mzee kama ameridhia, mahali, tarehe, lugha ya mazungumzo, na kwamba tafsiri ni yake yeye. Kakuma kuna kinyume chake cha ajabu: kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992 imeandikiwa ripoti nyingi, na ni rahisi kijana wa pale kunakili sentensi ya mgeni kuhusu foleni ambayo yeye mwenyewe amesimama.

Kuhusu mashine, tusizidishe matumaini. Programu kama Turnitin hulinganisha maandishi na hazina yake na kutoa asilimia ya kufanana. Haijui nia, na nukuu halali nayo huhesabiwa kuwa ni kufanana. Insha iliyotungwa na ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022, haihitaji kufanana na kitu chochote. Iliyonunuliwa pia haifanani, na Wakenya tunaijua biashara hiyo: filamu ya mwaka 2024 iitwayo The Shadow Scholars, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, inaonyesha vijana wetu wakiwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kwa malipo. Maandishi yanaweza kuwa mapya kabisa na yasiwe kazi ya aliyeyawasilisha.

Kwa hiyo naona tunasahihisha kitu kisicho sahihi. Alama zote zikienda kwa nakala safi, tunalipia sehemu ambayo ni rahisi zaidi kuazima. Theluthi moja iende kwa swali na daftari, vikaguliwe kabla insha haijaandikwa. Mwalimu mwenye wanafunzi sitini atalalamika, na ana haki. Lakini kukagua ukurasa mmoja wa kila daftari ni kazi ndogo kuliko kusoma insha sitini za kunakiliwa. Adhabu ibaki kwa aliyefundishwa hatua hizi akazikiuka kwa makusudi. Na mwalimu anayeandaa kazi ya muhula ujao aliandike swali lake kwanza, kisha alitafute kwenye simu. Jibu likipatikana kwenye ukurasa wa kwanza, alibadilishe.